Uzito wa Bucumi

"Leo, mbele ya Jamhuri, mbele ya historia, na mbele ya bendera iliyoning'inia juu ya dirisha hili, nafungua maelezo kamili, ya kweli na yasiyopendelea upande wowote, kuhusu wizi mkubwa kuliko wote uliowahi kupangwa katika teritware ya Fizi. Vizazi vijavyo vitausimulia kwa kutetemeka."

"Fupisha," Madamu OPJ akasema. "Na utoe kiwiko juu ya dosye yangu."

Nikatoa kiwiko juu ya faili lake. Nikafupisha. Wizi mkubwa ulipangwa na watu wanne waliozungukwa na magunia ya samaki waliooza.

Madamu OPJ anaitwa Fanny. Ni afisa wa polisi anayepokea maelezo ya washitakiwa na mashahidi pale Fizi. Anaandika kwa mkono, polepole, huku midomo ikirudia kila neno. Nilimwambia naitwa Éliezer, nauza mikate, na ni shahidi. Nilikuja kwa jambo moja tu. Ng'ambo ya barabara, hospitalini, amelala mtu anayeitwa Bucumi. Mguu wake umepondwa na polisi amekaa mlangoni. Bucumi amewaambia polisi kwamba yeye ndiye aliyeendesha gari la wizi. Ni uongo. Akiandikwa dereva, atakaa gerezani miaka mingi, na mguu mmoja mzima. Bucumi hakuendesha kitu. Bucumi alikuwa uzito.

"Uzito wa namna gani?"

"Wa kukandamiza matairi ya nyuma, Madamu. Kilo mia na kumi."

Akafungua ukurasa mpya. "Eleza."

Nikaeleza hivi.

JUMANNE, SAA NANE MCHANA

Chumba kilikuwa nyuma ya stoo ya ndagala, dagaa wa ziwani, mjini Baraka, ufukweni. Mlango mmoja. Dirisha moja, limepigiliwa mbao. Mvua ya wiki mbili ilikuwa imewanyima wavuvi jua, na ndagala zikaoza magunini kabla hazijakauka. Zilitoa maji ya rangi ya chai. Funza walitembea sakafuni kwa mstari, kama wanafunzi wa bweni wakienda kuoga.

Mkuu alikuwa Néhémie. Zamani alikuwa na malori mawili. Sasa alikuwa na shati jeupe na manukato. Alikuwa anakula. Katikati ya uvundo ule alikuwa anakula ugali na samaki, akilamba kidole kimoja baada ya kingine. Rénovat, kijana wa usukani, alimtazama, mate mabaya yakamjaa mdomoni.

Raphaël alikaa mlangoni. Mwembamba, kimya, bastola ndani ya mfuko wa plastiki. Bucumi alikaa chini, kwa sababu kiti kilikuwa kimeshavunjika chini yake. Bucumi ni mkimbizi kutoka Burundi. Analima mihogo karibu na kambi ya Lusenda na hajawahi kumpiga mtu. Alikuja kwa sababu mdogo wake alikuja. Mdogo wake ndiye Rénovat, dereva.

Huyu Rénovat anastahili maneno machache. Miaka kumi na tisa. Akili nyingi, sura nzuri, adabu ya kadiri. Alisoma ufundi wa magari katika shule ya bweni, mpaka asubuhi ile mbuzi alipokutwa kitandani kwa préfet, mkuu wa shule, amevaa kofia ya préfet. Uchunguzi ulifanyika. Mbuzi alisamehewa.

"Hiyo ya mbuzi niandike?" Fanny akauliza.

"Kama Madamu anaona inafaa."

Hakuandika.

Néhémie alifuta vidole kwenye gunia. "Kesho. Fizi. Kwa ule mununuzi wa dhahabu. Saa sita anafunga, anakula. Dhahabu iko mu kopo ya maziwa, ndani ya kabati. Mulinzi ni muzee moja tu. Tunaingia, tunatoka, tunashuka Baraka. Mutumbwi ya moteri inatungoja. Tunavuka ziwa, tunafika Ubwari. Kwisha."

"Na barabara?" Rénovat akauliza.

"Barabara iko na nini?"

"Iko matope, Patron."

"Gari iko na silenda munane. Inaweza kuvuta kanisa na pasta ndani."

Raphaël alicheka. Bucumi naye alicheka, kwa sababu hucheka wengine wakicheka.

Rénovat hakucheka. Alilijua lile pikapu. Ekseli ya mbele ilikuwa haivuti tena. Nguvu zote za injini zilikwenda nyuma, na nyuma hapakuwa na kitu. Injini, uzito wote ule wa chuma, ilikaa mbele. Nyuma palikuwa bati tupu.

"Nguvu bila uzito haina fasi ya kushika," alisema. "Ukikanyaga, mapine ya nyuma inazunguka tu. Inachimba shimo, inajizika yenyewe. Tunabaki pale tukitazamana na polisi."

"Kiisha unataka nini?"

"Tupunguze upepo mu mapine ya nyuma. Ilale kidogo, ishike udongo kwa upana. Na tuweke mizigo. Kilo mia tatu, juu ya ekseli ya nyuma kabisa. Hapana kule kwenye mwisho. Ukiweka kwenye mwisho, mbele inainuka, usukani inakuwa nyepesi, tunaingia mu mutaro."

"Muchanga," Bucumi akasema kutoka chini. "Muchanga ya ziwa. Ikiloa iko nzito sana."

"Kwenye barière batauliza," Néhémie akasema. "Muchanga ya kupandisha Fizi? Ya nini?"

Raphaël alipiga teke gunia alilokalia. Kitu ndani kilijibu kwa mlio wa majimaji.

"Hii tuweke juu ya muchanga," alisema. "Hakuna mutu ataifunua."

Walikubaliana hivyo. Kisha Néhémie akamtazama Bucumi, kama mtu anavyotazama ng'ombe sokoni.

"Na huyu iko kilo ngapi?"

"Mia na kumi," Rénovat akasema. "Balimupima kwenye kambi."

"Basi anakaa juu ya ekseli. Muchanga yenye miguu."

Kicheko tena. Bucumi alicheka kuliko wote.

Walipotoka nje, Rénovat alimshika kaka yake mkono. "Yaya, unaweza kubaki. Nitaongeza magunia mbili tu, inatosha."

"Mama alisema turudi babili," Bucumi akasema. "Nikibaki, nitamuambia nini?"

Mama yao anaitwa Marie-Goreth. Yuko Lusenda, na bado hajui yaliyoupata mguu wa Bucumi.

JUMATANO, SAA KUMI NA MBILI ASUBUHI

Walipakia ufukweni. Kwanza mchanga, magunia sita, yamelowa, yamebanwa juu ya ekseli na kufungwa kwa kamba za nyavu yasiteleze. Halafu ndagala juu. Maji yake yalimchuruzikia Bucumi shingoni, yakashuka mgongoni, yakaingia kwenye suruali. Funza mmoja aliingia sikioni mwake. Alikitikisa kichwa kama mtu anayekataa chai, akaendelea kubeba. Raphaël alitapika mara mbili ziwani. Wanawake waliokuwa wakifua pale walihama, na mmoja alipiga kelele: "Munazika mutu ao munauza mutu?"

Néhémie alisimama mbali, upande upepo ulikotoka, shati jeupe. Aliwaita wote "wapendwa wangu".

Rénovat alipiga magoti nyuma ya gari, akafungua upepo wa tairi la kushoto, akahesabu kwa pumzi, akafunga. La kulia vilevile. Aliyabonyeza kwa dole gumba. Akaingia kwenye gari, akaliingiza kwenye mchanga laini wa ufukwe, pale ambapo hata mkokoteni hukwama. Akakanyaga.

Gari lilikwenda. Halikuteleza, halikuchimba. Lilikwenda kama limeshikwa mkono. Bucumi, juu ya magunia, alipiga makofi.

Kuna raha anayoipata fundi kazi yake ikiitika. Siku ile yote, hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa safi.

SAA TATU ASUBUHI

Barière ya kwanza, kamba iliyokatiza barabara. Kijana aliyeshika kamba alikuja na fimbo, akafunua turubai kwa ncha. Akarudi nyuma hatua nne.

"Munapeleka wapi ile takataka?"

"Chakula ya nguruwe," Raphaël akasema kutoka juu.

"Hao nguruwe balifanya zambi gani? Pita! Pita mbio!"

Aliishusha kamba kwa mguu, mkono mmoja puani. Hakuomba hata kitu kidogo. Néhémie ndani ya kabini alicheka hadi akakohoa. Aliweka mkono juu ya bega la Rénovat, mkono wenye manukato na mafuta ya samaki, akauacha pale. Rénovat alitamani kuvua ngozi ya bega.

SAA SITA KASORO DAKIKA KUMI

Mpango wa langoni ulikuwa huu. Gari lingejifanya limekwama mbele ya ofisi ya mnunuzi. Uvundo ungewatoa watu nje. Raphaël angeingia.

Tatizo moja. Gari lilikataa kukwama.

Rénovat aliliingiza kwenye dimbwi la matope. Likatoka. Akalirudisha, akakanyaga kwa nguvu ili matairi yazunguke. Yalishika, gari likaruka mbele, nusura liangushe nguzo ya lango.

"Unafanya nini?" Néhémie akanong'ona.

"Patron, niliitengeneza sana."

"Iharibu!"

Akazima injini, akafungua boneti, akaanza kuitukana kwa sauti. Hiyo ilitosha. Mvua ilianza kunyunya, na uvundo ukashuka chini, ukaingia ndani ya ua kama mgeni asiyebisha hodi. Mnunuzi alitoka na kitambaa mdomoni, sahani bado mkononi. "Toeni hiyo kitu! Mi nakula hapa!" Mlango ulibaki wazi nyuma yake.

Mlinzi, mzee anayeitwa Mutambo, hakupiga kelele. Alikuja na kopo la maji, akampa Bucumi anawe uso. "Kijana," alisema, "hata kama ni kazi, hii ni mateso." Bucumi alikunywa, akanawa, akamshukuru kwa mikono miwili.

Raphaël aliingia. Raphaël alitoka. Kopo la maziwa chini ya kwapa, limefungwa kwa karatasi ya kubandika.

Mzee Mutambo aliliona. Hakufanya lolote. Alilitazama tu, akamtazama Bucumi, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyemeza kitu kibaya. Raphaël akampiga kwa kitako cha bastola juu ya jicho. Hakukuwa na sababu. Mzee alianguka kwenye matope. Maji ya ndagala yaliyokuwa yakichuruzika kutoka garini yalimfikia, yakachanganyika na damu yake.

Raphaël aliruka juu akicheka. "Umeona muzee alivyokaa?"

"Ule alinipa maji," Bucumi akasema.

"Na mi nimemupa usingizi. Twende!"

SAA SITA NA DAKIKA NANE

Walishuka. Mvua sasa ilikuwa mvua. Kopo lilikuwa mapajani mwa Néhémie, amelikumbatia kama mtoto mwenye homa. Rénovat aliendesha kwa gia ya pili, mikono laini, miguu laini. Kila kona sehemu ya nyuma ilitaka kutoka, kila kona uzito uliirudisha. Kupitia tundu la kioo cha nyuma aliona mgongo wa Bucumi, mpana, umelowa, juu ya ekseli kabisa, mahali pake.

Nyuma yao, juu mlimani, zilisikika pikipiki. Kwanza moja. Halafu nyingi. Vijana wa Fizi walikuwa wamemwona mzee Mutambo. Vijana wa namna hiyo hawakupeleki kwa polisi. Wanakumaliza barabarani, kwa mawe.

SAA SITA NA NUSU

Walivuka kijito. Mbele yao ulisimama mwinuko wa udongo mwekundu, mrefu, umelowa, unang'aa kama ulimi. Baada yake, mteremko mpaka ziwani. Kilibaki hicho tu.

Gari lilianza kupanda. Polepole, lakini lilipanda.

"Iko nzito!" Néhémie akapiga dashbodi. "Inatembea kama bibi! Batatupata! Simama!"

"Patron, uzito njo inatupandisha."

"Nilikuwa na malori mbili wakati we ulikuwa unanyonya! Kitu nyepesi inapanda mbio. Simama!"

Alivuta breki ya mkono mwenyewe. Gari likasimama katikati ya mwinuko. Akatoa kichwa dirishani. "Mwageni byote! Byote chini! Kiisha mushuke, musukume!"

"Rénovat alisema..." Bucumi akaanza.

"Mwaga!"

Wakakata kamba. Gunia baada ya gunia lilianguka barabarani. Mengine yalipasuka, na ndagala nyeusi, laini, zenye funza, zikasambaa kwenye matope yote nyuma ya gari. Wale wawili wakashuka, wakasimama ndani ya uchafu ule mpaka vifundoni, wakaweka mabega yao nyuma ya gari.

Pikipiki zilikuwa zimefika kwenye kijito.

Hapo ndipo Néhémie alipotoa kisu. Kisu cha kupasulia samaki, kirefu, chembamba. Alikiweka chini ya sikio la Rénovat.

"Bawache," alisema. "Enda."

"Ule ni yaya yangu."

"Enda, ao nakuchinja hapa."

Rénovat hakuwa na la kufanya. Mtu yeyote angefanya hivyo. Kisu kilikuwa baridi. Akaachia breki, akaweka gia ya kwanza, akakanyaga. Matairi yaliwatapikia wale wawili matope na samaki usoni, na gari likaondoka.

Lilikwenda hatua thelathini. Halafu likafika kwenye sehemu kali, na nyuma hapakuwa tena na uzito wa kulikalisha. Matairi ya nyuma yalizunguka. Yalilia. Moshi ulitoka. Silenda nane zilinguruma kwa nguvu zote, na gari halikusogea hata kwa upana wa kidole. Likaanza kurudi nyuma.

Raphaël alipiga risasi moja hewani, akakimbilia kwenye mihogo, na tangu hapo hakuna aliyemwona.

Bucumi pia angeweza kukimbilia kwenye mihogo. Ilikuwa hatua tano. Badala yake alipanda mlima mbio, kilo mia na kumi, miguu mitupu, akaushika ubao wa nyuma, akajitupa ndani, akatambaa mpaka juu ya ekseli. Akakaa. Akapiga bati kwa kiganja.

"Niko hapa! Kanyaga!"

Matairi yalishika.

Gari lilipanda hatua kumi. Labda kumi na mbili. Lakini mtu mmoja si magunia sita. Sehemu ya nyuma iliteleza upande, ikagonga ukingo wa barabara, na Bucumi akarushwa, mguu wake ukapondwa katikati ya bati na ukingo. Mlio ule ulisikika hata ndani ya kabini.

Néhémie alifungua mlango, akatoka na kopo, hakugeuka. Alifika Baraka kwa miguu, saa kumi. Mwenye mtumbwi alimnusa akiwa bado mbali, akasema abiria wake watatapika, akasukuma mtumbwi na kwenda Ubwari bila yeye. Polisi walimkuta amekaa mchangani, shati rangi ya chai, kopo mapajani.

Rénovat naye alikimbia. Kwa mshtuko. Vijana wa pikipiki walipofika walimkuta Bucumi peke yake, na walikuwa wameshaokota mawe. Mzee Mutambo, aliyeletwa nyuma ya pikipiki ya mwisho, kitambaa chenye damu kichwani, ndiye aliyesema wasimguse.

IJUMAA, SAA TATU ASUBUHI, OFISI YA OPJ

"Ndiyo hivyo, Madamu," nikasema. "Utaona mwenyewe kwamba Bucumi hakuendesha. Dereva ni Rénovat, ambaye amekwenda mbali, pengine Tanzania, na ambaye naye alilazimishwa. Naomba polisi wa mlangoni aondolewe na mgonjwa arudishwe kwa mama yake. Asante kwa uvumilivu wa Jamhuri."

Fanny alimaliza mstari wake. Alisoma alichoandika, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, akiwa na kalamu kati ya meno.

"Unasimulia vizuri," alisema. "Tufanye hesabu ndogo. Wakati gari imesimama kwenye mwinuko, Bucumi alikuwa wapi?"

"Chini, anasukuma."

"Raphaël?"

"Chini pia."

"Ndani ya kabini kulikuwa na batu bangapi?"

"Babili."

"Néhémie iko hapa tangu juzi. Hajafungua kinywa. Hata maji anaomba kwa kidole." Akageuza kalamu. "Sasa ile kisu. Ile 'bawache'. Ile baridi chini ya sikio. Nani alikueleza, Papa Muuza-mikate?"

Nilifungua mdomo. Mimi hukosa vingi, lakini sijawahi kukosa neno.

"Watu wanasema..."

"Batu gani?"

Nje, mtu alikuwa akipiga mswaki na kutema. Nilimsikia akitema mara tatu.

"Asubuhi nilivuka barabara," Fanny akasema. "Nilimuuliza tena Bucumi, nani aliendesha. Akasema ni yeye. Nikamuuliza, pedali ya kushoto ni ya nini? Akafikiri sana, jasho inamutoka. Akasema ni ya honi."

Nikacheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kisha kikageuka kitu kingine.

"Hakukuwa na kisu," nikasema.

Hakuandika.

"Alisema neno moja tu. 'Bawache, petit.' Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwomba mdogo wake chumvi. Hakunigusa. Nikaweka gia ya kwanza."

"Ulijua itapanda?"

"Nilijua haitapanda. Nilijua kuliko mtu yeyote. Bila uzito haipandi, nilisema mwenyewe. Sikwenda ili nifike juu. Nilikwenda ili wale wa pikipiki wakute mtu mwingine kwanza."

Kalamu ilianza kutembea.

"Na alipokimbia kuja?"

"Nilimwona kwenye kioo. Nilifikiri anakuja kunipiga. Nilikuwa natafuta jinsi ya kufunga mlango kwa ufunguo."

"Kiisha?"

"Kiisha akakaa juu ya ekseli."

Fanny alichora mstari juu ya jina la Éliezer na juu ya neno mikate. "Jina."

"Niyokwizera Rénovat."

"Kazi."

"Dereva."

"Ule mutu ng'ambo ya barabara?"

"Kaka yangu. Nilimwacha pale, akiwa ameniita mara mbili. Nilijificha kwenye mihogo, nikaangalia wakimwokotea mawe. Nikanyamaza. Andika kwamba hakuna mtu aliyenilazimisha."

"Nimeshaandika," alisema, akanigeuzia karatasi nisaini.